Hedhi imekoma, presha ya macho imepanda: je, ni homoni?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 48, naishi Morogoro. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 44. Mwezi uliopita walikuja watu wa macho kupima bure pale kanisani kwetu, wakanipulizia hewa machoni, wakasema presha ya macho jicho la kulia ni 23 na la kushoto 24, niende hospitali. Nilishangaa, maana presha ya kawaida nameza dawa kila usiku na iko sawa. Macho yenyewe yanachoma kama yana mchanga, hasa asubuhi, na nikikaa jikoni au kwenye upepo yanatiririka machozi. Usiku taa za magari naziona zina miale. Kusoma Biblia bila kuisogeza mbali siwezi. Kuna dawa ya matone niliuziwa duka la dawa, jina lake linaanza na Dexa, natumia mwezi wa saba sasa na ndiyo inayonipa nafuu. Jirani yangu anasema mwanamke hedhi ikikoma ile damu hupanda kichwani ikakandamiza macho. Shoga yangu anasema kuna vidonge vya homoni, nikimeza presha ya macho itashuka. Mama yangu alipofuka uzeeni, walimtoa mtoto wa jicho lakini hakuona tena. Nianze homoni? Na mimi nitapofuka?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, na nilipigia mistari sehemu mbili: pale ulipomtaja mama yako, na pale ulipotaja ile chupa. Hedhi nimeiwekea alama ndogo tu pembeni. Utaona sababu.

Nianze na majibu mafupi ili usisome ukiwa na hofu. Homoni usianze kwa ajili ya macho. Chupa ya Dexa ikiisha usinunue nyingine, na hata kabla haijaisha nenda ukaonane na daktari wa macho, wiki hii kama inawezekana. Kuhusu kupofuka, mtu aliyegunduliwa akiwa na 23 na 24, bado anaona, na yuko tayari kufuatilia, kwa kawaida haishii gizani. Ila sitakuahidi kitu kabla mtu hajauangalia mshipa wako wa fahamu wa jicho, kwa sababu hukumu iko kule nyuma, na ile mashine ya hewa haifiki huko.

Sasa tuzungumze taratibu. Kwanza tuzitenganishe presha mbili ambazo zimepewa jina moja na kuwachanganya watu wengi. Presha unayopimwa mkononi ni ya damu. Presha ya macho ni ya maji yaliyomo ndani ya jicho, na maji hayo si damu wala si machozi. Ndani ya jicho, nyuma ya ile duara yenye rangi, kuna tezi inayotengeneza maji safi mchana na usiku. Yanapita kwenye tundu la mboni, yanalisha lenzi na kioo cha mbele, kisha yanatoka kupitia chujio dogo lililo kwenye kona ambapo weusi wa jicho unakutana na weupe. Kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili hivi, maji yote ya chumba cha mbele huwa yamebadilishwa. Chujio hilo nalifananisha na kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu kikiwa laini, tui linapita lenyewe. Kikichakaa, nyuzi zikakakamaa na machicha yakaganda humo, unakamua kwa nguvu na linalotoka ni kidogo. Jicho nalo liko hivyo: maji yanaendelea kutengenezwa, njia ya kutokea imekuwa nzito, msukumo ndani unapanda. Ndiyo maana vidonge vyako vinaweza kuishusha presha ya damu vizuri kabisa na ya macho ikabaki pale pale. Ukitaka kuijua presha ya macho ni lazima lipimwe jicho lenyewe, na kulibonyeza kwa kidole hakusaidii.

Namba zako nazo tuzisome kwa utulivu. Hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa watu wengi ziko kati ya 10 na 21. Mpaka huo wa 21 uliwekwa kwa kuangalia watu wengi wana kiasi gani, haukuwekwa kwa sababu 22 inaua mshipa. Wapo watu wana 25 miaka nenda rudi na mshipa wao uko salama. Wapo pia, na hawa ndio wanaoninyima usingizi, wenye 16 au 17 ambao mshipa unakufa kimyakimya. Tena mashine ya kupuliza hewa ni ya kuchuja watu, haitoi hukumu. Ukishtuka, ukabana macho, ukazuia pumzi, au ukiwa umevaa nguo inayokaba shingo, namba inapanda. Unene wa kioo cha mbele nao unaidanganya mashine: kikiwa kinene inasoma juu, kikiwa chembamba inasoma chini. Sisi watu wa asili ya Afrika wengi wetu tuna kioo chembamba kidogo, kwa hiyo kwetu hatari iko zaidi upande wa kuambiwa uko sawa wakati hauko sawa. Kwa hiyo 23 na 24 maana yake ni "njoo tuangalie vizuri." Bado hakuna aliyekuambia una glakoma, yaani ule ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho kufa taratibu.

Haya, hedhi. Jirani yako ana nia njema, lakini damu ya hedhi haibaki mwilini ikatafuta mahali pa kupanda. Kila mwezi mfuko wa uzazi ulikuwa unajenga utando na kuubomoa. Mayai yakiisha, homoni zinashuka na utando haujengwi tena. Hakuna kilichozuiwa, hakuna kinachopanda kichwani. Lile joto la ghafla linalowapanda wengi hedhi ikikoma, kifuani hadi usoni, ni mishipa ya damu ya ngozi inayofunguka ghafla kwa sababu kidhibiti joto cha ubongo kimekuwa na haraka ya kuitikia. Linaudhi, lakini halikandamizi jicho.

Hata hivyo, jirani hakukosea kabisa. Jicho linaijua homoni ya estrojeni. Vipokezi vyake vimeonekana kwenye kioo cha mbele, kwenye tezi za machozi, kwenye tezi inayotengeneza yale maji, na hata kwenye seli za mshipa wa fahamu. Estrojeni inasaidia mishipa midogo ya damu kulegea na damu kupita, na inaelekea inasaidia lile chujio kubaki laini. Ikishuka, kifumbu kinakakamaa kidogo. Kidogo kiasi gani? Wanawake waliokoma hedhi wakilinganishwa na wenzao wa umri unaokaribiana ambao bado wanaiona, tofauti inayojirudia ni kama namba moja au mbili hivi. Chukua hiyo mbili yote uitoe kwenye 24 yako: unabaki na 22. Kwa hiyo kukoma hedhi peke yake hakujaeleza habari yako.

Kuna jambo moja la kwako ambalo nalichukulia kwa uzito kiasi: ulikoma ukiwa na miaka 44. Hiyo ni mapema, maana wengi hukoma karibu na miaka 50. Kule Rotterdam, Uholanzi, katika utafiti uliofuatilia wakazi wa mtaa mmoja, wanawake waliokoma hedhi kabla ya miaka 45 walikuwa na uwezekano wa glakoma ya kawaida kama mara 2.6 ukilinganisha na waliokoma wakiwa na 50 au zaidi. Wenye ugonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo sitaishika namba hiyo kama msahafu. Lakini inaelekea upande mmoja na tafiti nyingine: kadiri jicho linavyokaa na estrojeni miaka mingi, ndivyo mshipa unavyoelekea kulindwa. Nikikupima mimi kliniki, umri wako wa kukoma hedhi nitauandika kwenye faili. Wenzangu wengi hawaulizi, kwa hiyo ukifika utaje mwenyewe.

Sasa turudi kwa mama. "Walimtoa mtoto wa jicho lakini hakuona tena." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi, karibu kwa maneno hayo hayo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyochafuka, kama kioo cha dirisha kilichopata ukungu. Ukiitoa na kuweka nyingine, mtu anaona, isipokuwa kama nyuma yake kulikuwa na tatizo jingine. Tatizo hilo la nyuma, kwa wazee wetu, mara nyingi huwa glakoma. Sisemi kwamba mama yako alikuwa nayo, maana sikumpima, na huenda ilikuwa retina (utando wa nyuma wa jicho unaopokea picha) au upasuaji wenyewe. Ila kwa mtoto wake naichukulia kama alikuwa nayo mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu glakoma inatembea ndani ya ukoo: mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nayo, hatari yako inakuwa mara kadhaa ya mtu wa kawaida. Ongeza asili yetu. Pale Kongwa, mkoani Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na karibu wote hawakuwa wanajua. Hawakujua kwa sababu haiumi. Mshipa wa jicho una nyuzi kama milioni 1, na zinakufa kuanzia zile za kuona pembeni. Ubongo unaziba mapengo kwa kubahatisha. Mama mmoja niliyemtibu alikuwa anasoma herufi ndogo kabisa kwenye chati yangu, akacheka, akasema macho yake ni ya msichana. Mwanawe ndiye aliyemleta, kwa sababu mama alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe na kila siku anajigonga bega lile lile kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Nilipompima uwanja wa kuona, alikuwa anautazama ulimwengu kupitia tundu la ufunguo.

Na sasa ile chupa. Jina linaloanza na Dexa, kwa karibu hakika, ni deksamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya kuua bakteria. Hiyo ni steroidi. Ni dawa nzuri sana mikononi mwa anayejua kwa nini ameitoa na lini ataisitisha. Inazima muwasho na wekundu kwa siku mbili tatu, na hapo ndipo mtego ulipo: unaiona inakutibu, kumbe inakutuliza huku ikifanya kazi nyingine kule kwenye chujio. Inakifanya kifumbu kizibe. Takribani mtu 1 kati ya 3 akitumia matone ya steroidi kwa wiki kadhaa presha ya jicho lake inapanda, na wachache inapanda vibaya sana, na wenye mzazi mwenye glakoma wako mstari wa mbele. Kwa kawaida hupanda ndani ya wiki 2 hadi 6. Wewe una miezi 7. Zaidi ya presha, matumizi ya muda mrefu huleta mtoto wa jicho kabla ya wakati wake, na miale unayoiona kwenye taa za magari inaweza kuwa dalili ya hilo.

Ukiniuliza nani mshukiwa wa kwanza wa hizo 23 na 24, nitaionyesha chupa kabla sijaionyesha hedhi. Na hii ni habari njema, kwa sababu hedhi siwezi kukurudishia, lakini chupa unaweza kuiacha, na wengi wakiiacha presha hurudi ndani ya wiki chache. Si wote. Waliotumia miaka, chujio wakati mwingine halirudi. Jua tu kwamba ukiacha, ule muwasho utaamka kwa hasira siku za mwanzo na utatamani kurudi dukani. Ndiyo maana nataka uende kliniki sasa, upewe kitu mbadala cha kukuvusha. Na tafadhali, anayesoma hapa ambaye alipewa steroidi na daktari kwa ugonjwa wa ndani ya jicho asiiache ghafla kwa kusoma majibu ya dada huyu. Arudi kwa aliyempa.

Nikiwa hapo hapo: kama unapaka usoni krimu ya kung'arisha ngozi, iwe ya dukani au mkorogo wa kuchanganyiwa, iangalie. Nyingi zina steroidi kali, na ukipaka kila siku karibu na kope inafika ndani ya jicho. Wanawake wa umri wako, wakiona mabaka ya uzazi na ya jua hayaondoki, ndio wateja wakubwa. Sikuhukumu, nauliza tu.

Tumekwisha sema mengi kuhusu presha, lakini kinachokutesa kila siku si presha. Presha ya kiwango chako haichomi, wala haileti mchanga, wala haitoi machozi. Hayo ni macho makavu, na hapa homoni zinahusika kwelikweli, kuliko kwenye presha. Najua utasema, "Makavu vipi wakati yanatiririka?" Chozi la kawaida lina maji na tabaka jembamba la mafuta juu yake, kama mafuta yanayoelea juu ya supu. Mafuta hayo hutoka kwenye vijitundu vilivyopangana kwenye ukingo wa kope, na tezi zake zinategemea homoni, zile za kiume hasa, ambazo mwanamke naye anazo kiasi na zinapungua na umri. Mafuta yakipungua au yakiganda, maji yanakauka upesi, uso wa jicho unabaki wazi, unachoma. Jicho likichomwa linapiga kelele kuomba msaada, na tezi kubwa inamwaga maji mengi kwa mkupuo, yanapita shavuni bila kutibu kitu. Moshi wa mkaa, feni inayopuliza kitandani usiku kucha na upepo wa kwenye bodaboda vinamalizia kazi.

Dawa yake inahitaji subira kuliko pesa. Loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kamua, weka juu ya macho uliyofumba kwa dakika 5 hadi 10, kikipoa loweka tena. Kisha kwa kidole safi kanda ukingo wa kope taratibu, kope ya juu ukishuka, ya chini ukipanda. Asubuhi na jioni, kwa mwezi mzima, usihesabu matokeo kabla ya hapo. Feni igeuzie ukutani. Pikia penye hewa, au walau jiko la mkaa liwashwe nje mpaka moshi uishe. Dukani omba machozi bandia, uyatumie mara nne kwa siku, na usikubali kuuziwa matone ya "kutoa wekundu" wala yale yenye neno lolote linaloanza na Dexa, Beta au Predni.

Suala la Biblia ni jepesi. Kuanzia miaka 40 lenzi ya jicho inapoteza unyumbufu, na kusoma karibu, kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mchele kunakuwa shida. Wanaume wanapata vile vile na hawana hedhi. Miwani ya kusomea inatosha, ila usiinunue kwa kubahatisha mtaani kabla hujapimwa, maana ukishaona vizuri utaiahirisha safari ya hospitali, nakujua.

Tuje kwa shoga yako na vidonge vyake. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa afya ya wanawake uliwahi kuangalia jambo hili kati ya wanawake waliopewa homoni na waliopewa vidonge vitupu. Estrojeni peke yake ilishusha presha ya macho kwa kama nusu ya namba moja. Nusu. Matone ya usiku ya latanoprosti hushusha robo hadi theluthi ya presha yote, yaani kwa 24 yako ni namba 6 hadi 8. Tena, wewe una mfuko wa uzazi, kwa hiyo huwezi kupewa estrojeni peke yake bila kuongezewa projesteroni ya kuulinda mfuko huo. Na kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: katika utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, wa wanawake zaidi ya 25,000, waliotumia estrojeni pekee walipata macho makavu kwa asilimia 69 zaidi ya wasiotumia, na waliochanganya na projesteroni kwa asilimia 29 zaidi. Utakuwa umenunua mchanga zaidi machoni ili upunguze nusu ya namba.

Hapa lakini sitaki unielewe vibaya. Homoni si sumu. Mwanamke aliyekoma kabla ya miaka 45, anayeamka usiku amelowa jasho, mifupa yake ikiwa inaanza kulegea mapema, ana sababu nzuri ya kukaa na daktari wa magonjwa ya wanawake na kuzungumza kuhusu homoni. Wengi wao hupendekeza kabisa zitumike angalau mpaka umri wa kawaida wa kukoma. Kwa mwenye presha ya damu kuna mahesabu ya ziada ya kufanya. Ukiamua kuzitumia kwa ajili hiyo, macho hayakukatazi. Ila mwambie daktari huyo kuhusu macho yako kabla hajaandika, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona zinazotolewa kupunguza lile joto, na hata dawa za mafua na aleji zinazoleta usingizi, zinaweza kufunga ghafla kona ya kutolea maji kwa mtu ambaye kona yake ni nyembamba. Na wanawake ndio wenye kona nyembamba zaidi ya wanaume, kwa kuwa macho yetu ni mafupi kidogo na lenzi inanenepa na umri.

Ikiwa baada ya kuacha chupa na kupimwa tena itaonekana kweli ni glakoma, kuna njia. Matone ndiyo huanziwa. Timololi inapatikana karibu kila mahali na bei yake ni nafuu, lakini mwenye pumu au mapigo ya moyo ya taratibu asiiguse, na watu wanasahau kusema kwa kudhani dawa ya jicho inabaki jichoni. Latanoprosti hutumika mara moja usiku, inarefusha kope (hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kulalamikia hilo) na inaweza kuongeza weusi wa ngozi ya kope. Tatizo la matone ni kwamba ni ya maisha, na kila mwezi kuna ada ya shule inayoshindana nayo. Ndiyo sababu nilifurahi sana na kazi iliyofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, ikachapishwa mwaka 2021: waliwalinganisha wagonjwa waliopewa timololi na waliopigwa mionzi ya leza kwenye lile chujio. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho na timololi kwa asilimia 31. Leza haina kisu, unakaa kwenye kiti, mnamaliza kwa dakika chache, na inaweza kurudiwa. Haipo kila hospitali. Upasuaji upo pia kwa macho ambayo hayakusikia lolote, lakini huko hujafika. Na hakuna hata njia moja kati ya hizi inayorudisha kilichokwisha kufa. Zote zinalinda kilichobaki.

Vidonge vyako vya presha ya damu endelea navyo. Umesema unameza usiku. Mtajie daktari wa macho hilo, kwa sababu usingizini presha ya damu hushuka yenyewe, na ikishuka mno mshipa wa jicho unapata damu kidogo. Huenda mtakubaliana kuhamishia asubuhi, huenda isiwe lazima. Usijihamishie mwenyewe. Na kama na wewe ni wa ile tiba ya kunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo ukiamka, igawe. Sisi madaktari tulikuwa tunawanywesha wagonjwa lita moja ndani ya dakika 5 makusudi, tuone presha ya macho itapanda kiasi gani. Kunywa maji mengi upendavyo, kikombe kikombe. Maziwa ya mama, asali, maji ya sukari na majani ya kukamua, hivyo jichoni hapana.

Mambo haya yakitokea usisubiri kliniki, nenda usiku huo huo: jicho moja kuuma vibaya likiwa jekundu, kuona ukungu na duara za rangi kama upinde wa mvua kuzunguka taa, kichwa kuuma upande huo, kutapika. Kutapika ndiko kunakopotosha, watu wanatibiwa malaria au vidonda vya tumbo huku jicho linakufa. Sema wazi kwamba jicho ndilo lililoanza. Vilevile pazia jeusi likishuka ghafla, au cheche nyingi za mwanga, au kuona kukipotea hata kwa dakika chache.

Mengine yote ni ya miadi ya kawaida. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro, kwa daktari wa macho. Kipimo kikihitaji mashine ambazo hawana, watakupa rufaa, na Muhimbili au CCBRT hapo Dar es Salaam si mbali nawe. Nenda na ile chupa mkononi, si jina lake tu, pamoja na krimu kama ipo, na dawa zako zote. Omba ufanyiwe mambo manne: presha ipimwe tena kwa kile kifaa chenye mwanga wa buluu kinachogusa jicho baada ya kutiwa ganzi, unene wa kioo cha mbele upimwe, kona iangaliwe kwa lenzi yenye vioo, na mshipa uangaliwe kwa mboni iliyopanuliwa. Wakiushuku mshipa, utapimwa na uwanja wa kuona, ambapo unakaa mbele ya bakuli kubwa jeupe na kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Wengi wanatoka hapo wakidhani wamefeli. Nukta nyingi zimefanywa hafifu makusudi. Wadogo zako na kaka zako waliozidi miaka 40 nao wapimwe, kwa habari ile ile ya mama.

Siku hiyo usiende peke yako. Matone ya kupanua mboni yatakufanya usione karibu na uchukie jua kwa saa 4 au 5, kwa hiyo mtu wa kukushika mkono wakati wa kuvuka barabara, na kofia au mtandio wa kujikinga.